Bendi ya roki Tanga: tukarekodi albamu Nairobi, Ujerumani, au tubaki hapahapa?

MwanaMakorora aliandika:

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo.

Naomba ushauri kwa niaba ya bendi. Tuko vijana wanne wa hapahapa Tanga: mimi napiga gitaa na kuimba, mwenzangu gitaa la solo, yupo wa besi, na wa dramu, ambaye ndiye peke yake mwenye ajira ya kueleweka, yuko kiwandani na anaingia kwa zamu. Tunapiga roki kwa Kiswahili. Sisemi bongo fleva iliyotiwa gitaa, nasema roki yenyewe: magitaa mawili yamefunguliwa, dramu za kupigwa kwa mikono, hakuna biti ya kompyuta. Mazoezi tunafanyia kwenye ghala la baba mdogo wake mpiga besi, Ngamiani. Majirani tumeelewana nao: mwisho saa kumi na mbili jioni, ikilia adhana tunazima, na kukiwa na msiba mtaani hatugusi chombo mpaka matanga yaanuliwe.

Nyimbo zipo za kutosha albamu. Shida ni studio. Hizi tulizozipitia mjini zimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja kusimama mbele ya maiki akaimba juu ya biti. Kwa kazi hiyo ni wazuri, sina neno. Lakini tulipopeleka wimbo wetu mmoja, dramu ziliwekewa maiki mbili tu, gitaa likachomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, likatoka na sauti ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Mpiga solo wetu alisikiliza mara moja, akavua hedifoni, akasema anatoka kununua sigara. Havuti sigara.

Sasa tuna njia mbili. Ya kwanza ni Nairobi: kuna studio ina chumba kikubwa na injinia ambaye amesharekodi bendi za roki za kwao. Tumesikiliza kazi zake, dramu zinasikika ni dramu. Bei ni ya siku, na siku zinahesabika. Ya pili ni Ujerumani. Kuna mwalimu Mjerumani aliishi hapa Tanga akawa anakuja mazoezini, amerudi kwao, na rafiki yake ana studio. Watatupa studio bure na pa kulala, mwezi wa pili ambapo hawana wateja. Nauli na viza ni juu yetu. Mwenye studio anachoomba ni kwamba albamu itoke kwenye lebo yake na abaki nayo miaka kumi.

Mfukoni tuna milioni nne na kidogo, pesa za kupiga nyimbo za watu kwenye hoteli za Raskazone na harusi mbili tatu. Je, inafaa kutoka? Na kuvuka mpaka wa Horohoro na vyombo vyote hivi kukoje? Aliyewahi kufanya anisaidie.

Kidole_Kimoja alijibu:

Roki Tanga! Mji wa Black Star na Lucky Star, mji wa taarab, leo mnataka kutupasua masikio. Haya bwana.

Ushauri wangu wa bure: milioni nne msimpelekee mtu wa Nairobi. Nunueni maiki, nunueni kompyuta, fungeni studio yenu humo ghalani. Mkimaliza albamu vyombo vinabaki vyenu, mnarekodi na kaswida za mtaa, pesa inarudi. Mambo ya kwenda nje ni ulimbukeni tu. Muziki ni ule ule.

BesiNne alijibu:

Marahaba mwanangu, wewe na wenzio.

Mimi nimepiga besi mji huu tangu enzi ambazo ukijulikana wewe ni mtu wa Jamhuri Jazz, kuna kinyozi hakunyoi kwa sababu yeye ni wa Atomic, bendi nyingine ya mji. Sasa vidole vimekuwa vizito, natengeneza amplifaya Chumbageni. Kwa hiyo nitasema kwa urefu, asiyetaka apite.

Huyu Kidole Kimoja anayeshangaa roki Tanga ni mtoto. Sisi tulikuwa tunafungua dansi na nyimbo za roki za Santana kabla watu hawajamaliza bia ya kwanza. Na hili la kutoka nje kwenda kurekodi lisiitwe ulimbukeni, kwa sababu mji huu ndio uliofundisha wengine. Wilson Kinyonga na nduguye George walikuwa Jamhuri Jazz hapa hapa. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, 1971 wakawa Nairobi, na huko ndiko wakawa Simba Wanyika. Wangebaki, mngewajua kwa redio tu. Radio Tanzania ilikuwa inarekodi bendi zote, na kwa ufundi mzuri sana, lakini ilirekodi kwa ajili ya kurusha hewani. Mkanda unarudi kabatini kwao. Kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho nchini. Ukitaka santuri yenye jina lako katikati, lazima uiendee Kenya. Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Hesabu mwenyewe bendi ngapi zilizeeka humo katikati.

Mpaka ulipofunguliwa, bendi niliyokuwamo ikaenda. Kampuni siitaji. Studio nzuri, zulia limepanda mpaka ukutani, chai na maandazi saa nne. Nyimbo nne tulizimaliza kabla ya adhuhuri, maana tulishazipiga dansini mpaka vidole vikazijua vyenyewe. Jioni tukapewa pesa taslimu na karatasi ya Kiingereza, bwana mkubwa akasema hiyo ni risiti, kwamba mmepokea. Kumbe ilikuwa hati ya kuuza kila kitu, wimbo, mkanda, na haki ya kuudurufu mpaka kiama. Miaka baadaye niko Mombasa, nikaisikia besi yangu inatoka dukani. Kaseti ina jina la bendi nyingine kwenye kava. Nikamwambia muuzaji, huyo wa besi ni mimi. Akanipunguzia bei.

Ndiyo maana nasema rudi usome ulichoandika wewe mwenyewe kuhusu Ujerumani. Umesema studio ni bure, halafu mistari miwili mbele ukasema mwenye studio abaki na albamu miaka kumi. Basi si bure. Bei yake ni albamu.

Swali la kwanza si Nairobi au Ujerumani, wala si maiki ngapi. Swali la kwanza ni kwamba mkimaliza, masta, ile rekodi mama, inalala nyumbani kwa nani. Studio ambayo unailipa kwa siku, pesa yako mkononi, inakupa mafaili yako unakwenda zako. Hiyo mimi naipenda hata kama dari linavuja.

FundiSauti_Dunda alijibu:

Salaam kutoka Bagamoyo. Shikamoo mzee BesiNne, hiyo ya kupunguziwa bei nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mimi ni fundi wa sauti, nilisomea sanaa hapa TaSUBa nikaishia nyuma ya mashine. Nitajibu upande wa studio tu. Kidole Kimoja amesema muziki ni ule ule, na kwa gitaa na sauti ya mtu ana nusu ya haki. Hivyo unaweza kuvirekodi popote penye utulivu. Dramu haziko hivyo. Dramu zinataka chumba chenye dari la juu, maiki nane mpaka kumi na mbili, na mtu anayejua kwamba maiki mbili zikiisikia sneya, ile dramu ndogo ya mbele, kwa nyakati zinazopishana kidogo tu, zinaulana: ule mshindo wa tumboni unayeyuka, unabaki mlio mkavu wa kijiti. Hicho ndicho kilichotokea kwenye wimbo wenu. Hakuna wa kulaumiwa, chumba kilikuwa cha kuimbia.

Kwa hiyo kaka MwanaMakorora, kinachofaa kufuatwa Nairobi ni kile chumba na yule injinia, kwa ajili ya dramu. Mkifika, pigeni wote wanne kwa pamoja, mnaonana macho, maana roki ikirekodiwa kipande kipande inakosa pumzi. Lakini kila gitaa lipite kwenye diai boksi, kile kiboksi cha kulipeleka gitaa moja kwa moja kwenye mashine, lirekodiwe safi, bila mkwaruzo wowote, sambamba na lile la amplifaya. Ile safi ndiyo akiba yenu. Mkirudi Tanga mnaweza kuitoa kwenye kompyuta mkaipitisha kwenye amplifaya ghalani, mkatafuta sauti mnayoitaka kwa wiki nzima bila mita ya studio kukimbia. Sauti ya kuimba rekodini usiku, bodaboda zikishalala, magodoro pande tatu. Kisha mafaili yote anarudishiwa yule injinia kwa intaneti, anachanganya huko huko. Kwa mpango huo siku tatu za studio zinatosha, na milioni nne inabaki na mkia.

Jingine ni hewa. Mwaka 1971 bendi ya roki ya Rolling Stones walikimbia kodi ya Uingereza wakahamia kusini mwa Ufaransa, wakarekodi kwenye chumba cha chini cha jumba la kupanga, mashine ziko ndani ya lori nje. Mle chini kulikuwa na joto na unyevu mpaka magitaa yakawa hayakai kwenye tyuni. Sisi wa pwani tunaijua hiyo kwa ngozi. Nyuzi za Tanga zinashika kutu ndani ya wiki, basi nendeni na pakiti mpya ambazo hazijafunguliwa, mfungie huko huko. Nairobi ni juu na kukavu kuliko kwenu. Magitaa yalale usiku mmoja nje ya mabegi kabla ya kurekodi, na tyuni ikaguliwe kila baada ya kupiga, hata kama solo amenuna.

Na msiende na wimbo mbichi. Marehemu Hukwe Zawose alikuwa akitoka hapa Bagamoyo anakwenda kurekodi Real World, studio ya Peter Gabriel kijijini Box, Uingereza. Albamu yake Chibite ilitoka 1996, na Assembly aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook ikatoka 2002. Remmy Ongala na Super Matimila walipita huko huko 1989. Hao walikuwa na nyimbo zilizokwisha kuchezwa na watu mpaka zikakaa. Ninyi za kwenu mmezipiga mbele ya nani, ukiacha ghala? Pale Raskazone umesema mnapiga nyimbo za watu.

MwanaMakorora alijibu:

Dada Fundi umenishika pabaya. Za kwetu tumezipiga mbele ya watu kidogo sana. Hoteli wanataka nyimbo wanazozijua, ukiingiza ya kwako meneja anakuja na kidole hivi.

Mzee wangu BesiNne, nashukuru. Niliwasomea wenzangu, mpiga besi akasema sasa ndiyo amejua kwa nini baba mdogo wake hataki wasaini kitu. Lakini naomba kuuliza: hawa wa Ujerumani ni watu wazuri, tunawajua. Hatuwezi kuongea nao masharti yakapungua? Maana kule studio ni ya kweli kweli. Na mpiga dramu anasema roki ni ya kule, tukienda tutasikika tofauti.

Mpongwe_Ughaibuni alijibu:

Mimi ni wa Pongwe, naishi Ujerumani. Kwa ufupi.

Viza ya Schengen ni euro 90 kwa kichwa, na ukinyimwa hairudi. Wanne ni euro 360, hiyo ni karibu milioni nzima ya mfuko wenu kabla hamjaona ndege. Bima ya safari lazima, ya kugharamia matibabu hadi euro 30,000. Halafu wanataka kuona kitu kitakachowarudisha nyumbani: ajira, masomo, nyumba. Kati yenu wanne mwenye barua ya mwajiri ni mmoja. Akipata yeye peke yake, mtakuwa na albamu ya dramu.

Mwezi wa pili huku hita zinawaka usiku na mchana, hewa ya ndani inakauka kabisa. Nilikuja na gitaa langu la Tanga. Mti wa shingo ukanywea, ncha za vyuma vya vituo zikachomoza pembeni, nikawa nachanika vidole kila nikishuka chini. Fundi alinitoza pesa ambayo ningenunua jingine.

Kuhusu roki kuwa ya kule: Freddie Mercury kazaliwa Unguja 1946, na Queen, bendi yake ya London, ilifunga safari kwenda kurekodi Munich, na 1979 wakanunua studio Montreux, Uswisi. Kila mtu anaona ya kule ni bora.

BesiNne alijibu:

Mwanangu, watu wazuri ndio wa kuandikiana nao. Mtu mbaya hata ukiandikiana naye haisaidii.

Masharti yanaongeleka. Kuna kuuza na kuna kukodisha. Akisema abaki nayo miaka kumi, mwambie umesikia, unampa leseni ya miaka mitatu, Ulaya peke yake, Afrika Mashariki inabaki yenu na masta ni mali yenu tangu siku ya kwanza. Akikubali ni rafiki. Akianza kukueleza jinsi alivyoipenda Tanga, ujue jibu ni hapana. Na andikeni kwa lugha ambayo wote wanne mnaisoma, siyo mmoja anawatafsiria wenzake. Kazi zenu zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kuzipeleka popote, ndani au nje.

Lakini kuna karatasi nyingine inayotangulia hiyo, na vijana hamtaiandika kwa sababu mnapendana. Kabla hamjapanda basi, kaeni ghalani mwandike kila wimbo kautunga nani na kila mtu ana fungu gani, mtie sahihi wanne. Safari za kurekodi zinavunja bendi. Hamna usingizi, pesa inakwisha, kila mtu anajisikia kwenye spika kubwa kwa mara ya kwanza na anajiona yeye ndiye bendi. Simba Wanyika wenyewe wakiwa Nairobi, mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki waliondoka wakaanzisha Les Wanyika. Sisi wasikilizaji tulifaidi, tukapata bendi mbili. Ninyi mko wanne tu, mkigawanyika hata harusi hampati.

Nikupe na kisa cha roki mwenyewe, kwa kuwa unaipenda. Mwaka 1973 Paul McCartney, alishatoka Beatles, ana bendi yake Wings, akaamua akarekodi Lagos, Nigeria. Mpiga gitaa akajiondoa, na mpiga dramu naye akajitoa wakati safari imeshafika. McCartney akaenda na mkewe Linda na mwanabendi mmoja aliyebaki, Denny Laine, basi. Dramu akapiga mwenyewe. Studio waliyoikuta Apapa, humo humo Lagos, ilikuwa na mashine ya njia nane na vifaa pungufu, ikabidi viongezwe. Usiku mmoja wakaporwa njiani kwa visu, na kilichochukuliwa ni pamoja na kanda za mazoezi za nyimbo zote. Akazirekodi kutoka kichwani. Halafu Fela Kuti, mwanamuziki mkubwa wa huko, akaja juu, kwamba McCartney amekuja kuiba muziki wa Waafrika. McCartney ikabidi amsikilizishe nyimbo zenyewe aone hakuna kilichoibwa. Albamu ikatoka mwishoni mwa mwaka ule ule na ikauza dunia nzima.

Mimi hapo sikutolei hadithi ya ushujaa. Yule alikuwa McCartney, ana pesa ya kukosea. Nakuonyesha mambo mawili: nyimbo alikuwa nazo kichwani, na kwamba wa dramu anaweza kubaki nyumbani asubuhi ya safari. Wa kwenu ana zamu kiwandani. Likizo yake imeidhinishwa kwa maandishi, au bosi ametikisa kichwa tu?

FundiSauti_Dunda alijibu:

Nakazia kwenye kuporwa. Siku hizi si kanda, ni haddiski, na inaingia mfuko wa suruali. Mkitoka studio chukueni mafaili kwenye mbili, zipande mabegi mawili ya watu wawili tofauti, na ya tatu abaki nayo injinia mpaka mseme mmefika. Mwambieni mapema mnataka mafaili ya kila maiki peke yake, kwa ubora wa biti 24, kilohezi 48, yote yaanzie sekunde ile ile ya sifuri ili yakae sambamba. Akikupa wimbo uliochanganywa peke yake, umeondoka na picha ya chakula.

Na lile la hoteli: ombeni nusu saa ya mwanzo, watu wakiwa bado wanasoma menyu. Meneja hajali saa hiyo.

Horohoro_Kwetu alijibu:

Wakuu salaam. Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani, na AC/DC, ile bendi ya roki, ni watu wangu, fulana ninayo mpaka imekuwa tambara. Suala la vyombo niachieni.

Kwanza msidhani wakubwa hawapati taabu hii. AC/DC walipokwenda Bahamas 1980 kurekodi albamu yao ya kwanza na Brian Johnson, baadhi ya vyombo vilizuiwa forodhani, vingine vikaja kwa mizigo taratibu, na dhoruba ikawa inakata umeme wa studio. Prodyuza wao Mutt Lange ni mzaliwa wa Mufulira, Zambia, nadhani umeme kukatika haukumshtua.

Sasa Horohoro. Ni kituo cha pamoja: mnakwenda Kenya, mnasimama mara moja tu upande wa Lunga Lunga, maofisa wa nchi zote mbili wamo jengo moja. Kurudi mnasimama Horohoro. Watu wanne: pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria kwa asiye nayo. Viza hakuna kwa Mtanzania. Kitambulisho cha NIDA peke yake usitegemee. Kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, muwe nayo, siku ukiiacha ndiyo siku utakayoulizwa.

Vyombo: sheria ya forodha ni moja kwa Jumuiya nzima, ya mwaka 2004, na ndani yake kuna kuingiza kitu kwa muda ukakirudisha. Andikeni orodha: aina ya chombo, rangi, namba iliyopigwa kiwandani, thamani yake. Namba ya gitaa mara nyingi iko nyuma ya kichwa cha shingo, ya amplifaya iko mgongoni karibu na tundu la waya. Piga picha ya kila namba. Wa kwetu waone orodha na waigonge muhuri mkiwa mnatoka, maana bila muhuri huo siku ya kurudi unaambiwa umenunua gitaa Nairobi na ulipie ushuru. Wa Kenya wanaweza kudai dhamana kwa vitu vya thamani kubwa. Njoeni na orodha siku chache kabla, tuulize, kuliko kuja na basi linapiga honi.

Barua ya studio iwepo, inayosema mnakuja kurekodi, tarehe hizi, mnalipa wenyewe. Kurekodi kwa pesa yako ni kununua huduma. Lakini mkipata mtu Nairobi akawaambia pigeni shoo ya kiingilio Jumamosi, hiyo ni kazi, inataka kibali cha uhamiaji wa kule, na BASATA, Baraza la Sanaa, wanataka msanii aombe kibali kabla ya kutoka nchini. Msije mkasema hamkuambiwa.

MwanaMakorora alijibu:

Nimesoma yote na wenzangu tumekaa. Likizo ya mpiga dramu ilikuwa ya kutikisa kichwa, kaenda kuomba karatasi. Ujerumani tumewaandikia ile ya leseni ya miaka mitatu, hawajajibu. Nairobi tumeomba tarehe baada ya masika.

Bwana Horohoro, swali la mwisho. Tukienda kwa basi mpaka Mombasa, kisha treni, je, dramu zote tuzibebe? Bas dramu yenyewe ni inchi 22.

Horohoro_Kwetu alijibu:

Acha bas dramu ghalani. Tomu, zile dramu nyingine za seti, nazo acha. Studio inayorekodi roki ina seti yake, waulize ni ya aina gani na ngozi zake ni mpya, kama si mpya nunueni ngozi mziweke siku moja kabla. Mpiga dramu abebe sneya yake, pedali, matoazi na fimbo. Basi. Hivyo vinaingia begi mbili, vinapanda basi, vinavuka feri ya Likoni begani, na kwenye orodha vinakuwa mistari minne badala ya kumi na minne.

Amplifaya bebeni moja, ile ambayo solo anaona hawezi kuishi bila yake. Treni mizigo inapita kwenye mashine na mbwa, fikeni stesheni mapema, na pedali isiwe imezungushiwa utepe wa gundi mpaka haieleweki ni nini. Orodha nitumie kwa ujumbe wa humu humu, nitaikagua bure. Fulana yenu ya bendi mkichapisha, mimi navaa kubwa.